Ngome za udongo na ikulu zinazohama: kwa nini huoni majumba ya watemi katikati ya Tanzania

Ukiambiwa fulani na fulani wamefunga ndoa ya bomani, hufikirii mizinga wala minara. Unaelewa kwamba wawili hao wameruka msikiti na kanisa, wamekwenda serikalini na mashahidi wao, wamesaini, wametoka. Diwani akisema "boma limeshasimama, tunasubiri bati," anazungumzia kuta za zahanati zisizo na paa. Mfugaji wa Kongwa akilitaja boma, ni pale ng'ombe wanapolala. Na mtalii aliyesafiri kwenda kuona boma la Mjerumani anatarajia ngome yenye matundu ya bunduki. Wote wanne wako sahihi. Ndiyo maana kutembelea ngome na ikulu za kale katikati ya Tanzania kunachanganya: maneno yamebaki, majengo mengi hayapo, na yaliyopo mara nyingi siyo uliyokuwa ukiyatafuta.

Nimejikuta nikiandika haya kwa sababu ya shemeji yangu wa Unguja. Alikuja Dodoma kwa treni ya SGR, akashangaa jinsi safari ilivyokuwa fupi, akala, akalala. Kesho yake akaanza maswali. Huyu ni mtu aliyekulia Mji Mkongwe, amepita mbele ya Ngome Kongwe tangu akiwa na mkoba wa shule. "Sasa shemeji, ngome zenu ziko wapi? Wafalme wenu walikuwa wakikaa wapi?" Nikamjibu bila hata kuweka kikombe chini kwamba huku hatuna. Jibu hilo nimelisikia kwa wengi, wakiwemo Wagogo wenyewe, wenyeji wa Dodoma, na si kweli.

Maneno kwanza

Boma ni neno la siku nyingi lenye maana ya uzio au zizi, kizuizi cha miti na miiba. Kuna hadithi inayosambaa sana, hata baadhi ya waongoza watalii wanaisimulia kwa uhakika kabisa, kwamba eti ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza kuhusu utawala wa Waingereza ng'ambo. Ni ya kubuni. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alilitumia neno hilo katika kitabu alichochapisha mwaka 1872 kuhusu safari yake ya kumtafuta mmisionari David Livingstone, na Waingereza hawakuitawala Tanganyika mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani. Kifupisho gani hicho kinachozaliwa nusu karne kabla ya wenyewe? Wajerumani walilikuta neno liko midomoni mwa watu. Walipojenga vituo vyao vya kuta nene, watu wakaviita boma kwa sababu ndivyo walivyoviona: uzio mpya wa wakubwa wapya. Mkuu wa wilaya akarithi jengo, jengo likaipa ofisi jina, na ofisi ikaipa ndoa jina.

Pwani nako maneno hayajatulia. Kilwa Kisiwani kuna ngome inayoitwa Gereza, neno linalotokana na jina la Kireno la kanisa. Kisiwa hichohicho kina Husuni Kubwa, na husuni ni neno la Kiarabu la ngome, lakini jengo lenyewe lilikuwa kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman wa karne ya 14. Kwa hiyo una kanisa ambalo ni ngome na ngome ambayo ni kasri. Usiwacheke wa bara kwa kuchanganya.

Huku bara, Wahehe waliita ngome lilinga, na kutoka hapo tukapata jina Iringa. Wanyamwezi na Wasukuma waliita makao ya mtemi, yaani chifu, ikulu, neno lenye mzizi uleule wa "-kulu" unaobeba maana ya ukubwa katika lugha nyingi za Kibantu. Wazungu wa karne ya 19 waliopita Unyanyembe, nchi ya Tabora, waliandika "Kwikuru" kana kwamba ni jina la mji. Walichokuwa wameambiwa ni kwamba kule ni ikuluni, kwa mtemi.

Hilo la Kwikuru lina uzito kuliko linavyoonekana. Kasri la pwani lilikuwa jengo, na sultani alikaa ndani yake. Ikulu ya mtemi ilikuwa mahali mtemi alipo. Akifa, mrithi wake mara nyingi alijenga kwake, wakati mwingine mwendo wa saa kadhaa kutoka kwa yule wa kwanza, na ikulu ikahama pamoja naye. Ile ya zamani iliachiwa makaburi, miti na mvua. Anayekuja akiuliza "ikulu ya Unyamwezi iko wapi" anauliza kama anayetaka kujua kivuli cha jana kiko wapi.

Tembe

Nyumba ya asili ya Ugogo ni tembe, na inapatikana pia Singida na Unyamwezi kwa namna zake. Ukitaka kuelewa ngome za huku, anza na nyumba hii ya kawaida kabisa.

Unasimika nguzo za miti, unazifunga kwa fito, unakandika udongo. Juu unalaza magogo, halafu matawi, halafu nyasi, na mwisho unamwaga udongo na kuushindilia. Paa linakuwa bapa. Nyumba kama hiyo ukiijenga Bukoba mvua itaiangusha mwaka wa kwanza. Dodoma hupata takriban milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine anga ni kavu kama ngozi ya ngoma. Paa la udongo linavumilia. Likivuja, unapanda na kuongeza udongo. Wakati wa mavuno unaanika mtama au uwele juu yake, mbuzi wasikosumbua. (Wasumbue kidogo. Mbuzi wa Dodoma ni mbuzi wa Dodoma.)

Tembe kubwa ya mwenye mifugo haikuwa chumba kimoja. Ilikuwa mistari mirefu ya vyumba iliyozunguka ua wa mstatili, milango yote ikitazama ndani. Jioni ng'ombe huingizwa uani na lango hufungwa. Aliye nje anaona ukuta tu, chini kiasi na wa rangi ya ardhi ileile inayouzunguka, hata kwa mbali asitambue kuna kaya. Nchi iliyokuwa ikivamiwa na Wamasai kutoka kaskazini na Wahehe kutoka kusini haikuhitaji kujenga ngome pembeni ya nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ngome, na kila mwenye ng'ombe alikuwa nayo yake.

Stanley alijionea hilo. Agosti 1871 alikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akiishi katika tembe kubwa aliyopewa na Waarabu wafanyabiashara. Alikuwa amejiunga nao kwenda kumpiga Mtemi Mirambo, wakapigwa wao. Mirambo akaja hadi Tabora na kuchoma nyumba. Stanley akawaamuru watu wake watoboe matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe, wachimbe mahandaki na kuondoa vilivyozuia kuona mbali, akasubiri. Shambulio halikumfikia. Lakini kwa siku chache hizo nyumba ya udongo iligeuka ngome kwa kutobolewa matundu tu, kwa sababu umbo la ngome lilikuwamo tangu mwanzo.

Tembe hiyo ndiyo ambayo leo watu huiita Tembe la Livingstone. Baada ya kumpata mzee huyo Ujiji, Stanley alirudi naye Kwihara mwanzoni mwa 1872, akaondoka Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Mwaka uliofuata alifariki katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walioubeba mwili wake kuelekea Bagamoyo walipita hapohapo Kwihara. Ukienda, jua kwamba unachokiona ni tembe lililojengwa upya karne ya 20. Udongo ni udongo, hauwezi kungoja miaka 100 bila mtu wa kuukandika. Mimi sioni hilo kama udanganyifu: tembe lolote linalosimama muda mrefu limejengwa upya mara nyingi, hata wakati mwenyewe yungali hai.

Mtemi wa maji na mtemi wa baruti

Shemeji aliuliza habari za wafalme, na hapa inabidi kutenganisha Ugogo na Unyamwezi, maana watu huzifunga kapu moja.

Ugogo haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa na watemi wengi, kila mmoja na nchi yake ndogo, na kazi yao kubwa ilihusu mvua, rutuba ya ardhi na mambo ya mizimu kuliko majeshi. Mtemi wa namna hiyo hahitaji kasri. Nguvu yake iko kwenye kisima. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji ililazimika kukatiza Ugogo, na kabla ya kuingia, ikitoka mashariki, ilivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutosha baada ya Mpwapwa. Ikitoka Ugogo upande wa magharibi ilikabili Mgunda Mkali, pori refu la kuelekea Tabora. Kati ya kiu mbili, maji na chakula vilikuwa mikononi mwa Wagogo. Wakatoza hongo, ushuru wa kupita: majora ya vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Richard Burton, aliyepita 1857, alilalamika. Stanley alilalamika zaidi. Ukisoma malalamiko yao unapata picha ya majambazi wa barabarani. Ukimuuliza mwenye kisima, ilikuwa bei ya maji.

Unyamwezi ilikuwa nchi nyingine kabisa. Huko kuanzia katikati ya karne ya 19 bunduki, pembe na mapambano na Waarabu wa Tabora vilizalisha watemi wa vita. Mirambo ndiye anayejulikana zaidi. Makao yake makuu yalikuwa Iselamagazi, Urambo, na alipigana na Waarabu na washirika wao wa Unyanyembe tangu 1871 hadi 1875. Stanley, yuleyule aliyekwenda kumpiga, alikutana naye 1876 na wakachanjiana udugu wa damu. Mirambo alifariki Desemba 1884, na kaburi lake liko hukohuko. Dola yake haikudumu sana baada yake, na ngome yake ilikuwa ya vitu vilivyomwagiwa maji na kukaushwa na jua.

Kwangu mimi, ikulu yenye kisa kizito kuliko zote ni ya jirani yake, Mtemi Isike wa Unyanyembe. Wajerumani walipandisha bendera Tabora mwaka 1890. Isike hakuwakubali. Ikulu yake, si mbali na mji, ilikuwa ngome kamili yenye kuta nene na ghala la baruti. Mwaka 1892 waliishambulia zaidi ya mara moja na kushindwa kuiteka. Januari 1893 alikuja ofisa aliyeitwa Tom von Prince na kikosi chake, na safari hii waliingia. Isike alipoona kuta zimevunjwa alijifungia na watu wa nyumba yake kwenye ghala la baruti na kuiwasha. Wajerumani walimkuta angali na uhai, wakamwua.

Sasa jiulize kwa nini hakuna ikulu ya Isike ya kutembelea. Iliteketea pamoja na mwenyewe, na waliobaki na mamlaka hawakuwa na sababu ya kuihifadhi. Wao walijenga boma lao la mawe kwenye mwinuko unaotazama mji wa Tabora. Hilo lipo mpaka leo, limo mikononi mwa jeshi, na hupigi picha. Kuta za aliyeshinda zimesimama, za aliyeshindwa ni shamba. Anayetembelea Tabora bila kuelezwa hili anaweza kuondoka akiamini kwamba majengo makubwa yalianza kuja na Mjerumani.

Jiwe lililobomolewa

Msomaji wa Iringa ameshaanza kununa. Ni kweli: Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijenga kwa mawe. Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mji wa Iringa wa sasa, ilikuwa ngome iliyozungushiwa ukuta mkubwa wa mawe, na hilo linavunja kanuni yangu ya udongo. Rasmi Iringa iko Nyanda za Juu Kusini, lakini kutoka Dodoma unafika kwa lami kupitia Mtera, na habari zake haziwezi kutenganishwa na za Ugogo aliokuwa akiuvamia.

Agosti 17, 1891, jeshi la Wahehe lilikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo. Wajerumani walikaa miaka mitatu wakijipanga. Oktoba 30, 1894 waliivamia Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa akatoroka na kuendelea na vita vya msituni hadi Julai 1898, alipojipiga risasi Mlambalasi akikataa kukamatwa. Washindi hawakukaa Kalenga. Waliubomoa ukuta na kujenga kituo chao mahali pengine, wakakipa jina la ngome waliyoibomoa, ambayo nayo iliitwa Iringa: Iringa Mpya. Mji ukabaki na jina, na Kalenga ikabaki kijiji. Kwa hiyo hata jiwe halikumsaidia mtemi. Udongo hubomoka wenyewe; jiwe linabomolewa kwa makusudi.

Watu hupanda gari kwenda Kalenga kwa ajili ya fuvu. Kichwa cha Mkwawa kilichukuliwa Ujerumani, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukataka kirudishwe katika kifungu cha 246, na kikarudi mwaka 1954, Gavana Edward Twining akikikabidhi kwa Wahehe. Makumbusho ni madogo sana. Ukitoka hapo na kurudi Dodoma, kumbuka kwamba mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Wakati mwingine mabaki ya ikulu ni mtu.

Maboma yalifuata kiu

Turudi kwa maboma ya Wajerumani, maana ndiyo yanayotembelewa. Ukiyaweka kwenye ramani utadhani yamerushwa ovyo: Mpwapwa, Kilimatinde, Kondoa, Mkalama, Tabora. Ukiweka ramani ya misafara juu yake, sehemu kubwa inakaa.

Mpwapwa ilikuwa maji ya mwisho ya uhakika kabla ya Marenga Mkali. Kampuni ya Wajerumani iliweka kituo hapo, watu wa Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, wakakichoma 1889, na mwaka huohuo Hermann von Wissmann akaja na kuweka kituo cha kijeshi. Kilimatinde iko upande wa pili wa Ugogo, ukingoni mwa Bonde la Ufa, msafara unapojiandaa kuingia Mgunda Mkali. Aliyeshika sehemu hizo mbili alikuwa amewanyang'anya Wagogo hongo yao bila kuhitaji kulinda kila kisima cha katikati. Nadhani hilo ndilo jambo la kijanja kuliko yote waliyoyafanya huku, na wala halikuhitaji mizinga mingi.

Kisha reli ya kati ikavuruga hesabu. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Garimoshi halina kiu ya mpagazi, na halikufuata njia ya miguu: upande wa Kilimatinde lilipita Saranda, likakiacha kituo pembeni. Dodoma, iliyokuwa kijiji tu, ikawa mji kwa sababu ya stesheni. Kilimatinde, iliyokuwa mkubwa wake kiutawala, ikapoa. Anayefika leo na kushangaa kwa nini serikali ya Kijerumani ilichagua mahali pa mbali namna ile anasahau kwamba mahali hapo palikuwa katikati. Barabara ndiyo iliyohama.

Utawala wenyewe ulikuwa mfupi. Kondoa ilipiganiwa Mei 1916, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck akashindwa kuirudisha. Dodoma ilichukuliwa Julai mwaka huo, Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji Septemba. Tangu kituo cha Wissmann pale Mpwapwa ni miaka 27. Waingereza wakahamia kwenye maboma yaleyale, na baada ya Uhuru wakaingia wakuu wetu wa wilaya, polisi na wanajeshi. Kuendelea kutumika huko ndiko kulikoyaokoa. Jengo lenye ofisi hutengenezewa paa. Lililoachwa hung'olewa bati, halafu mbao, halafu mawe yanakwenda kujenga msingi wa nyumba ya mtu.

Ikulu za watemi hazikupata bahati hiyo. Waingereza waliwatumia watemi kama sehemu ya serikali tangu miaka ya 1920, na wengine walijengewa mabaraza, lakini mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya machifu, na makao yao yakabaki mali ya familia. Mazengo, mtemi wa Mvumi aliyekuwa na jina kubwa Ugogo nzima wakati wa Waingereza, aliachiwa kumbukumbu ya shule ya sekondari mjini Dodoma, na shule yenyewe ikageuka Chuo Kikuu cha St John's mwaka 2007. Majina nayo yana mvua zake.

Mwaka 1886

Kipo kifungo kingine kisichoonekana ukiwa umesimama mbele ya ukuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1886, mwaka ambao Uingereza na Ujerumani ziligawana maeneo ya ushawishi katika sehemu hii ya Afrika. Yaliyojengwa baada ya hapo hulindwa waziri akiyatangaza.

Fikiria maana yake kwa huku. Maboma ya Wajerumani, kuanzia lile la 1889, yako upande wa pili wa mstari. Yanahitaji tangazo. Ikulu na tembe za kabla ya 1886 ziko upande wenye ulinzi, lakini nyingi zimerudi udongoni. Sheria inalinda kisichoonekana na inahitaji kuombwa ilinde kinachoonekana. Sisemi iliandikwa vibaya. Iliandikwa wakati watu wa pwani walikuwa na kasri na misikiti ya mawe ya karne nyingi, na kwa Kilwa inafanya kazi vizuri sana.

Kuna dirisha jingine. Mwaka 2006 Tanzania iliweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali haileti fedha wala mlinzi, ni foleni tu. Lakini angalia uamuzi uliomo ndani yake: kinachoorodheshwa ni njia, na majengo yanahesabiwa kama vituo vyake. Kwa nchi ya ikulu zinazohama, hiyo ndiyo namna sahihi ya kuhesabu.

Ukienda

Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba. Fuata njia ya msafara badala ya kuchagua jengo mojamoja: Mpwapwa kwanza, kisha Dodoma, Kilimatinde kupitia Manyoni, halafu Tabora na Kwihara, na ukiwa na nguvu, Urambo. Kondoa ni safari ya kaskazini peke yake, ukiunganisha na michoro ya miambani ambayo iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Kalenga ni ya kusini.

Ukifika kijijini usiulize "ngome iko wapi." Utaonyeshwa kituo cha polisi. Uliza mtemi alikuwa akikaa wapi, halafu muulize mzee, si kijana wa bodaboda. Tazama miti. Misafara na Waarabu waliacha miembe kwenye njia na kwenye makazi yao. Vijiji vya Unyamwezi vilizungushiwa minyaa, na mnyaa ni mkaidi, huendelea kuota miaka mingi baada ya ukuta kwisha. Mstari wa minyaa ulionyooka katikati ya pori haukujipanga wenyewe.

Kwa jengo lolote ambalo bado ni ofisi, ingia kwanza ofisini, jitambulishe, omba ruhusa ya kutazama, kisha ruhusa nyingine ya kupiga picha. Ni mbili tofauti. Mimi niliwahi kuridhika na ya kwanza, nikaishia kukaa kwenye benchi la ofisi moja kwa saa nzima nikifuta picha mbele ya kijana mwenye umri wa mwanangu.

Shemeji nilimpeleka Chamwino, kilomita kama 35 mashariki ya mji, kwa sababu ni karibu na kwa sababu neno limefanya mzunguko na kurudi. Mwalimu Nyerere alikaa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, watu walipokuwa wakihamishwa kutoka tembe zao kwenda vijiji vya ujamaa. Kijiji kikaitwa Chamwino Ikulu. Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua hapo Ikulu mpya, iliyochukua sura ya ile ya Dar es Salaam. Ile nayo ilijengwa na Waingereza mwaka 1922 juu ya makao ya gavana wa Kijerumani yaliyopigwa mizinga vitani, ikapambwa kwa matao ya Kiarabu. Kwa hiyo neno la Kinyamwezi, umbo la pwani, udongo wa Ugogo, na kama kawaida ya ikulu, imehama.

Hatukuingia, bila shaka. Tulisimama mbali barabarani. Shemeji akatoa simu, nikamshika mkono, nikamwonyesha lango kwa kidevu. Akairudisha mfukoni polepole, akaangalia walinzi, akacheka.

"Kwetu Ngome Kongwe wanacheza ngoma na kuuza vinyago," akasema. "Zenu bado ziko kazini."